Kofia ya Mkumbuu

Nilirudishwa kwetu Jadida, mtaa wa Wete, nikiwa na miaka kumi na tisa, sanduku langu limefungwa kwa kamba ya usumba na talaka yangu imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la skuli. Ndoa ilidumu miezi saba. Sina la kumlaumu yule mwanamume. Alitaka mke wa kuzungumza naye, na mimi nyumbani kwake niligeuka bubu. Hata nyumbani kwetu sikuwa msemaji siku zile. Niliamka, nikasali, nikateka maji, kisha nikakaa ukumbini na kofia mapajani, nikashona mpaka nikawa naona vitobo hata nikitazama ukuta mtupu.

Kushona kofia ndiyo kazi ya mkono tuliyoijua wanawake wa mtaa wetu. Unachukua bafta nyeupe, unaikunja, unaichora kwa penseli, unaitoboa kwa sindano nene tunayoiita shazia, halafu kila kitobo unakizungushia uzi mpaka kikae wazi, kigumu, kisichojifunga hata kofia ikifuliwa mara mia. Kofia moja ina vitobo usivyoweza kuvihesabu bila kupotea. Mwanamke mwenye mkono mwepesi na watoto wachache huimaliza kwa mwezi mmoja na nusu. Mimi mkono wangu ulikuwa mwepesi na watoto sikuwa nao.

Wete mjini, kwenye njia inayoteremka bandarini, palikuwa na bwana mmoja mwenye duka la nguo ambaye alikuwa akinunua kofia zetu na kuzipeleka Unguja na Tanga. Siku moja mimi na mama tulivaa mabuibui yetu tukampelekea tatu nilizozishona tangu nirudi. Alizipokea vizuri, akazigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye vitobo. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa kofia nyengine mbili, akazipanga zote kwenye ubao wa kukatia nguo.

"Bi mkubwa, hebu tazama," akamwambia mama. "Hizi za mwanao. Hii ya mwanamke wa Mtambwe. Na hii nililetewa kutoka Unguja mwaka juzi, ndiyo mama yao hizo zote."

Tukatazama. Ua lilikuwa lile lile, lenye majani sita. Jani lilikuwa lile lile. Hata kile kikonyo kidogo kilichopinda kushoto, ambacho mimi nilikiona ni ufundi wangu, kilikuwepo kwenye zote, kimepinda kushoto.

"Watu wa Pemba mikono mmepewa, mashaallah," akasema yule bwana. "Lakini kuchora hamjui. Mnangoja Unguja wachore, nanyi mfuate."

Mama alicheka kwa adabu. Mimi sikucheka. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikitafuta la kumjibu, na nilichokasirikia zaidi ni kwamba sikulipata. Alikuwa amesema kweli. Mimi ua lile sikupata kuliona popote duniani isipokuwa kwenye kofia.

Baba yangu alikuwa mwashi. Nyumba nyingi za mawe za Wete alizitia mkono, ama kwa kuzijenga ama kwa kuzikarabati, na mikono yake ilikuwa imekauka kwa chokaa hata ikawa haitoki jasho. Hakuwa na maneno mengi. Wiki chache baada ya habari ya dukani, mudir, mkubwa wa utawala pale Wete, alimwita akamwambia kwamba Serikali inataka fundi wa kwenda kushikiza ukuta wa msikiti wa kale kule Ras Mkumbuu, ukuta wa kibla, ambao ulikuwa umeanza kuinama. Kazi ya mwezi mmoja, labda na zaidi. Baba alikubali, kisha usiku ule ule, tukiwa tunakula, akasema bila ya kunitazama:

"Huyu atakuja kunipikia."

Mama akaweka tonge chini. "Mkumbuu? Kwenye magofu? Pale si pahala pa kumpeleka mwanamke."

"Atakuwa na babaake."

"Na mashetani?"

"Mashetani na wao watataka kula," baba akasema, na mambo yakaishia hapo. Nilijua sana kwamba baba angeweza kumpata mtu wa kumpikia huko huko. Alitaka kunitoa ukumbini.

Tulipanda gari la asubuhi hadi Chake Chake, tukalala Madungu kwa shangazi yangu, na kesho yake tukashika njia ya Ndagoni, gari mpaka lilipokomea na kilichobaki kwa miguu. Nilikuwa sijapata kusafiri na baba. Kumbe alikuwa akisafiri kwa kutazama kuta. Mtu mwengine angetazama mashamba, au watu, au bahari inapotokea baina ya minazi. Yeye kila tukipita nyumba ya mawe aligeuza shingo, akaitazama pembe yake, akaguna. Nikaanza kumuuliza. Kwa nini umeguna? "Pembe imekwenda kombo." Na ile? "Ile kaijenga mtu mwenye haraka." Pale Madungu aliniamsha alfajiri anioneshe dirisha moja tu, la nyumba ya jirani ya shangazi, kwa sababu fundi wake alilipiga lipu ya duara bila ya kuacha alama ya mwiko. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ndiyo kwanza nafahamu kwamba baba yangu ana macho.

Ndagoni tulifikia kwa bi mmoja mjane, mtu mzima, mwenye nyumba ya udongo yenye vyumba viwili. Kila asubuhi baada ya uji tulikwenda magofuni na kurudi kabla ya magharibi. Nilibeba sufuria, mchele au muhogo, na furushi langu la bafta na nyuzi. Walikuwepo vibarua wanne wa pale kijijini wakikata vichaka na kuchoma mawe ya chokaa.

Siku ya kwanza tulipofika, baba alisimama nje ya msikiti ule usiokuwa na paa, akatoa salamu kama anavyotoa salamu mtu anayeingia pahala penye watu, kisha akaingia kwa mguu wa kulia. Akauendea ukuta wa kibla. Hakuushika kwanza. Aliutazama kwa muda, kisha akaupapasa kwa kiganja, taratibu, na akachukua msumari akakwaruza chembe ya lipu akaionja kwa ncha ya ulimi.

"Chokaa hii ililazwa majini muda mrefu sana kabla ya kupakwa," akaniambia. "Siku hizi nani ana subira hiyo?"

Mzungu aliyesimamia kazi alikuja siku ya pili, amevaa suruali fupi, na kamera shingoni. Alikuwa mtu mpole na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ingawa cha kitabuni. Alimweleza baba kwamba waliojenga mji ule bila shaka walitoka ng'ambo, maana kazi yenyewe ni ya hali ya juu. Baba alikuwa akichanganya chokaa. Akauliza, bila ya kuinua kichwa:

"Na haya matumbawe, Bwana, nayo yalitoka ng'ambo?"

"Hapana," akasema Mzungu. "Matumbawe ni ya hapa."

"Na chokaa?"

"Ya hapa."

"Na waliobeba?"

Yule bwana akacheka, akaandika kitu kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini. Mimi nilikuwa nakuna nazi pembeni, na nakumbuka nilikaza mgongo nikakaa wima juu ya mbuzi wa kukunia.

Nje ya msikiti kuna makaburi ya kale yenye nguzo ndefu kuliko mtu. Siku ya tatu au ya nne, nikiwa nimeshapika na wanaume wanasali adhuhuri, nilikwenda kuyatazama. Kwenye nguzo moja na kwenye kuta za kaburi lake palikuwa na mashimo ya duara, yamepangwa safu, mviringo wake safi kana kwamba umekatwa kwa kikombe. Nilitia ngumi yangu kwenye shimo moja, ikaingia sawasawa. Nikarudi nyuma hatua tano, nikaitazama ile safu ya duara zilizo tupu, zenye kivuli ndani, juu ya lipu nyeupe. Miaka yote niliyokuwa nikitoboa bafta, sikuwahi kudhani kwamba kitobo kinaweza kuwa nakshi peke yake, bila ya kuwa jani, bila ya kuwa ua.

Jioni nilimuuliza mwenyeji wetu kuhusu mashimo yale.

"Yalikuwa na mabakuli," akasema. "Ya kizamani, meupe yenye buluu. Nilipokuwa mdogo nililiona moja lililobaki. Bibi yangu alikuwa akitwambia tusiliguse. Baadaye akaja mtu na kisu akalichokoa, likamvunjikia mkononi. Hakupata bakuli, wala sisi hatukupata."

"Nani aliyaweka?"

"Wenyewe," akasema, na akaendelea kupeta mchele. "Waliokuwa wakikaa pale. Walipenda mambo mazuri kama tunavyopenda sisi."

Kesho yake nilichukua kibunda changu cha uzi nikarudi kwenye ile nguzo. Penseli nilikuwa nayo lakini karatasi sikuwa nayo, kwa hiyo nikapima kwa uzi. Upana wa shimo, nikapiga fundo. Nafasi kutoka shimo hadi shimo, nikapiga fundo jengine. Nikaenda hivyo safu nzima, fundo baada ya fundo. Nilipoukunja ule uzi nikaona: nafasi ilikuwa nusu ya shimo. Kila pahala. Si kwa kukisia. Nikapima safu ya pili, na ya pili ikawa vile vile.

Nikamkimbilia baba. Alikuwa juu ya jukwaa.

"Baba! Nafasi ni nusu ya shimo, kila pahala!"

"Nani kakwambia?"

"Uzi."

Vibarua walicheka, na baba akacheka pia, na hilo lilikuwa jambo adimu. Alishuka akaja nami mpaka kaburini, akanitaka nimuoneshe. Aliushika ule uzi wenye mafundo baina ya vidole vyake, akaupeleka safu hadi safu, na uso wake ukabadilika. "Nimepita hapa mara kumi," akasema. "Sikuliona hili."

Kuanzia siku ile akawa ananifundisha. Nilitaka kulichora tao la kibla, ule upinde uliochongoka juu, na kila nikijaribu kwenye bafta linatoka kama mtungi ulioinama. Baba alinitazama nikifuta, nikichora, nikifuta. Mwisho akaja akasawazisha mchanga kwa mguu, akachomeka vijiti viwili, akafunga kamba.

"Tao halichorwi kwa jicho," akasema. "Lina vituo viwili. Shika hapa, zungusha kutoka huku. Haya, sasa shika pale, zungusha kutoka kule. Zinapokutana, ndiyo ncha yake."

Nikazungusha. Mistari miwili ikapanda mchangani, ikakutana, na tao la Mkumbuu likawa mbele ya magoti yangu, sawasawa na lile la ukutani.

"Babu yako ndiye aliyenifundisha," akasema. "Dada zangu hakuwafundisha."

"Na mimi unanifundishia nini?"

Akafikiri. "Umeuliza," akasema.

Tulikaa Mkumbuu wiki sita. Ukuta wa kibla ulisimama, na mimi nilirudi Jadida na mchoro: safu ya matao yamesimama bega kwa bega kuzunguka kofia, ndani ya kila tao duara tatu zinazopungua ukubwa kwenda juu, na chini yake mkanda wa vitobo vilivyoachiana nusu ya upana wao. Hakuna jani hata moja. Mama aliniona nikishuka garini nikizungumza na baba, tena kwa sauti, akaniambia baadaye kwamba alidhani nimeingiwa na wale mashetani wa magofuni.

Kofia ya kwanza iliharibika. Niliishona wiki tano, nikaiunga, na kwenye mshono nikakuta tao na nusu. Ile nusu ilikaa pale kama jino lililovunjika. Nililia, sifichi. Baba akaichukua akaizungusha kidoleni.

"Ulianza na nini?"

"Na tao."

"Basi ndipo ulipokosea. Mwashi haanzi na tofali. Anaanza na ukuta, anaugawa. Chukua huo mzunguko, ukunje nusu. Ukunje tena. Tena. Tena."

Nikaukunja ule mkanda wa bafta mara nne, nikaukunjua, na pale kwenye mikunjo pakawa na nafasi kumi na sita, zote sawa. Kumi na sita ndiyo hesabu ya matao ya kofia ile mpaka leo.

Ya pili ilifunga bila ya mshono kuonekana. Nikaifua, nikaitia wanga, nikaivisha kwenye bakuli ikauke juani. Mama alitoka, akalizunguka lile bakuli kama mtu anayezunguka kitu asichokijua. "Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Hizi duara ni nini?"

Sikuwa mjanja. Nikamwambia.

"Makaburini?" Sauti yake ilifika nyumba ya tatu. "Nakshi ya kaburi utamvisha mtu hai kichwani?"

Mpaka alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari. Jirani mmoja tuliyezoea kushona naye barazani alihamisha mkeka wake kidogo. Mwengine alimwambia mama kwamba ndiyo maana sikudumu kwa mume, nina mambo ya kaburi. Hilo liliniuma, na mama likamuuma zaidi, kwa sababu ingawa yeye ndiye aliyeanza, hakukusudia lifike huko. Usiku hakula. Asubuhi, kabla ya baba kusema neno, mama mwenyewe alivaa buibui.

"Lete hiyo kofia," akaniambia. "Twende kwa Shehe. Akisema haramu, tunaichoma. Akisema halali, mtu atakayefungua mdomo atanijua."

Shehe wa mtaa wetu wakati ule alikuwa kijana, hajafika thelathini, amerudi karibuni kutoka kusoma Unguja, na watu walimwogopa kwa ukali wake. Alikuwa ameshakataza ngoma mbili na namna moja ya kufukiza ubani. Nilikwenda kwake nikiwa na yakini kwamba kofia yangu inakwenda motoni. Tulikaa kwenye baraza yake, mama akamweleza yote, hakuficha, hata maneno ya jirani akayasema. Shehe akaichukua kofia akaiweka kwenye kiganja.

"Kuna maandishi yoyote? Aya? Jina la Mwenyezi Mungu?"

"Hakuna, Shehe," nikasema.

"Jina la maiti?"

"Hakuna."

"Duara hizi pale kaburini zilikuwa na nini?"

"Mabakuli, Shehe."

"Mabakuli ya kulia?"

"Naam. Ya kulia chakula."

Akaigeuza. "Na hili tao?"

"La kibla cha msikiti."

Akayahesabu matao kwa kidole. Kisha akasema, "Bi mkubwa, duara ni duara. Bakuli ni bakuli. Sioni pa kukataza." Mama akashusha pumzi. Lakini Shehe alikuwa hajamaliza, bado anaitazama, na sasa alikuwa akiitazama kwa namna nyengine. "Ila mvaaji akiivua aangalie asiipindue, tao lisimame wima. Kibla hakipinduliwi." Akakohoa. "Na mimi kichwa changu ni kikubwa. Madukani sipati inayonitosha. Unaweza kupima?"

Nilitoa uzi wangu mfukoni, nikampa mama, mama akampima Shehe kichwa pale pale barazani, mbele ya wapita njia. Jirani yetu mwenye mkeka alikuwa mmojawapo wa wapita njia hao. Mama alihakikisha amemwamkia kwa sauti: "Sabalkheri, jirani!"

Nilimshonea Shehe yake, na alipoivaa Ijumaa ya kwanza, wanaume watatu walikuja kwetu kuagiza kabla ya alasiri.

Nilimpelekea yule bwana wa dukani moja tu. Nilikwenda na mama kama mara ya kwanza. Akaichukua, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akakaa nayo pale mpaka nikadhani ametusahau.

"Hii imetoka wapi?" akauliza. "Lamu?"

"Imetoka Mkumbuu."

"Mkumbuu hakuna watu."

"Walikuwepo," nikasema.

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu anijue. Kisha akataka nimwachie mchoro, aupeleke Unguja kwa washonaji wake, watazitoa kwa wingi na haraka. Alisema maneno mazuri, kwamba nitajulikana. Nilimwambia nitafikiri, ingawa nilikuwa nimeshakata shauri nilipokuwa nimesimama pale pale. Nilirudi nyumbani nikawaita wanawake wa mtaa, wote, hata yule jirani. Nikawakalisha ukumbini, nikawapa kila mmoja mkanda wa bafta, nikawaambia wakunje nusu, na tena, na tena, na tena. Kisha nikachomeka vijiti viwili kwenye sakafu ya udongo na kufunga kamba. Yule jirani ndiye aliyepata tao zuri kuliko wote siku ile, nami nilimwambia hivyo mbele ya wenzake.

Watu wakaiita kofia ya Mkumbuu. Jina sikulitoa mimi. Nililisikia sokoni, mwanamke akimwambia mwenzake, "Mume wangu anataka ya Mkumbuu, nyengine havai," nikapita zangu na kikapu changu, buibui limenifunika uso, nikitabasamu peke yangu.

Miaka ile siasa ilikuwa imeingia kila pahala. Watu waligawana maduka, wakagawana magari, wengine wakaacha hata kuzikana. Sisi pia tulikuwa na ndugu tusiosalimiana nao kwa sababu ya chama. Lakini siku ya Idi, nikiwa dirishani na mama tukiwatazama wanaume wakienda kusali, waliopita upande huu wa njia walivaa kofia ya Mkumbuu, na waliopita upande ule, wasiotaka kuwatazama hawa, walivaa ya Mkumbuu vile vile. Mama alinibana mkono. Sijifanyi kwamba kofia ilipatanisha mtu yeyote, haikupatanisha. Lakini niliona fahari ambayo sijui niilinganishe na nini.

Miaka mitatu baada ya safari ile baba alipewa kazi ya kujenga msikiti mdogo shamba, mwendo wa saa moja kutoka Wete. Mimi nilikuwa nimeposwa tena, na mtu ambaye alipokuja kuposa alileta kofia yake kuukuu niitengeneze, na tukazungumza kwa muda mrefu kuhusu mshono wake, yeye upande wa pili wa pazia. Nilikuwa katika matayarisho ya harusi baba aliporudi jioni moja na vumbi lake, akakaa.

"Kesho alfajiri utakuja nami," akasema.

"Kupika?"

"Hapana."

Tulifika kabla ya jua. Vibarua walikuwa wameshachanganya chokaa. Kibla kilikuwa kimesimama, na juu ya tao lake baba alikuwa amepaka jana yake jioni mkanda wa lipu, bado mbichi, laini, usiokuwa na kitu. Msikiti ulikuwa haujasaliwa bado, kwa hiyo hapakuwa na wa kuuliza mwanamke anataka nini pale. Vibarua wakasogea pembeni. Baba akanipa kikombe cha bati.

"Gawa wewe," akasema. "Mimi nitakosea."

Nikauchukua uzi wangu, nikaupima mkanda mwisho hadi mwisho, nikaukunja ule uzi mara nne. Nikatia alama kwa ukucha. Kisha nikaukandamiza mdomo wa kikombe kwenye chokaa mbichi, nikakizungusha kidogo, nikakitoa, na duara ya kwanza ikabaki pale, safi, ina kivuli ndani. Nikaacha nusu ya upana wake, nikapiga ya pili. Baba alinifuata nyuma na mwiko mdogo, akisawazisha kingo. Kibarua mmoja mzee aliuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani?" na baba, ambaye maisha yake yote alikuwa mchache wa maneno, akamjibu kwa sauti iliyojaa chumba kizima:

"Huyu ni fundi. Ni mwanangu."

Nilimaliza jua likiwa limeshapanda. Chokaa ilikuwa imeniunguza vidole, na ngozi ilibambuka wiki nzima, hata hina ya harusi haikushika vizuri kwenye mkono wa kulia. Shangazi yangu wa Madungu alikuja kwenye harusi, akauona ule mkono, akalalamika kwamba bibi harusi anaonekana kama mwashi. Mama akamwambia aachwe hivyo hivyo.